Hesabu ya Mayai, Hoogsand

Kibanda changu kimesimama juu ya nguzo sita
kama mtu aliyekunja suruali asilowe.
Maji yakijaa, niko kisiwani. Yakipwa,
niko katikati ya uwanja wa tope usio na mwisho,
na ndipo wageni hunijia, peku,
nyuma ya Tjark Paulsen na fimbo yake ndefu,
viatu wamevitundika shingoni.

Nawapa chai na sukari ya mawe. Nawapa darubini.
Nawaambia: huu ni mwezi wa sita,
kila anayeruka hapa ameacha kitu chini.
Nawaonyesha kamba. Kamba ni jina la heshima tu:
ni uzi wa buluu kwenye vijiti, haufiki magotini,
mbuzi angeucheka.
Sina ukuta. Sina bunduki.
Nina uzi huu na neno "tafadhali".

Ng'ambo ya uzi membe wadogo hutaga
juu ya makombe matupu, bila kiota,
bila hata unyasi mmoja wa kusingizia.
Yai lina rangi ya mchanga na madoa ya kome;
ukilitafuta hulioni,
usipolitafuta unalikanyaga.
Jumanne nilihesabu 212.
Niliandika kwa penseli, maana hapa
sijaona bado kinachostahili wino.

Baba yake Bosse hakuwa mtu mbaya.
Hilo nataka litangulie.
Alitoka Kassel, bara, ambako maji yanajua njia yake;
aliuliza maswali mazuri kuhusu sili,
alimfuta mwanawe tope masikioni.
Kisha membe akatua karibu, samaki mdomoni,
na yule bwana, kamera usoni,
akasahau kwamba ana miguu.
Hatua moja kuvuka uzi. Ya pili.
Ya tatu, na goti chini.

Umewahi kutukanwa na ndege mia kwa pamoja?
Walishuka kama misumari,
wakamnyea kofia, wakamnyea lenzi.
Sikupiga kelele. Anayepigiwa kelele hukimbia,
na anayekimbia hatazami anapokanyaga.
Nilisema tu: Rudi kwa nyayo zako.
Zilezile, bwana. Kisigino kilipokuwa kisigino.
Akarudi kinyumenyume, mikono hewani,
kama mtu anayejaribu kuirudisha saa.

Nikaenda kuzisoma nyayo.
Wa kwanza, mchanga. Wa pili, mchanga.
Wa tatu uling'aa manjano,
na ganda lake jembamba kuliko ukucha wa mtoto mchanga.

Nilikwishainama kufukia.
Nikageuza shingo: Bosse, miaka minane,
vidole vya miguu vimeugusa uzi, havijauvuka.
"Ni hilo moja tu?"
"Ni moja."
Uwongo ulikuwa tayari ulimini, mtamu, wa huruma,
nikaumeza. Nikampa daftari.
Alikata mbili ya mwisho kwa mstari mmoja,
akaandika moja pembeni yake,
taratibu, ulimi nje.
Baba yake alitazama baharini kwa muda mrefu,
kamera ikining'inia tumboni kama kitu cha kuazima.

"Maji yanageuka," Tjark akaita, na kweli
mifereji ilikuwa imeanza kumeta.
Wakaondoka kwa mstari, wakawa vijiti,
wakawa madoa, wakawa hakuna.

Usiku ule bamvua likapanda hadi ngazi ya nne.
Likaondoa wayo wa tatu, na wa pili, na wa kwanza.
Asubuhi ningekuta mayai mia na themanini, pengine,
au sitini. Bahari huchukua thelathini bila kubisha hodi
na sijawahi kuidai neno.
Kwa nini basi nililala macho kwa ajili ya lile moja?
Mwezi wa tisa watakaokuwa hai wataelekea kusini,
pwani ambazo sitaziona,
ambako labda kuna mtu mwingine na uzi wake.

Nilitaka kuandika upepo na kimo cha maji.
Nilipapasa mezani, mfukoni, chini ya bilauri.
Bosse alikuwa ameondoka na penseli.
Nikafungua mtoto wa meza, nikatoa kalamu,
na chini ya ile 211 iliyopinda
nikaandika kwa wino.